Nzuri, Ila Mgongo

Iko nchi moja ambayo mimi naijua na nyinyi hamuijui, na naomba tukubaliane hivyo hivyo mpaka mwisho, tusije tukatafutana. Inaitwa Jamhuri ya Afadhali. Jina tulilipata siku ya uhuru. Mgeni mmoja mwenye kamera alimuuliza Rais wetu wa kwanza, "Nchi ikoje sasa?" Naye akajibu, "Afadhali." Yule mgeni akadhani ni jina, akaondoka nalo, na sisi kwa adabu hatukumkimbilia kumsahihisha.

Maana Waafadhali ni watu wa adabu kupita kiasi. Ukituuliza habari, tunajibu nzuri. Nyumba inaungua, nzuri. Msibani kwenyewe, mtu macho mekundu, kanga ya kichwani imelowa, ukimuuliza habari za hapa atakwambia nzuri, kisha ndipo atakueleza nani kafa. Huo si uongo jamani. Nzuri ni kumvutia mtu kigoda akae. Mambo yenyewe yanakuja akishakaa, na yanaanza na neno moja dogo: ila. "Nzuri, ila mtoto kalazwa." "Nzuri, ila tumelala njaa." Kila mtoto wa Afadhali anayajua haya kabla hajaota meno. Waliokuwa hawayajui ni watu wa SHIBA peke yao.

SHIBA ni Shirika la Bima ya Afueni. Kila mfanyakazi wa Afadhali anakatwa mshahara ili SHIBA ishibe, yaani imtibu akiumwa. Na kwa miaka mingi SHIBA ilikuwa na dawa moja tu ya maumivu, kidonge cheupe cha jamii ya kasumba kiitwacho Lalasalama. Unaumwa jino? Lalasalama. Kiuno? Lalasalama. Umeangukiwa na kabati? Lalasalama mbili. Sitaki kukisema vibaya kidonge cha serikali, lakini kile hakiondoi maumivu, kinakuondoa wewe. Maumivu yanabaki nyumbani yanakusubiri, ukirudi unayakuta yamenenepa, na sasa una shida mbili: maumivu, na hamu ya kidonge.

Basi nchi ikasinzia. Mahakimu walihukumu wakiwa wamefumba macho, tukasema hiyo ndiyo haki. Kwenye fainali ya kombe la taifa refa alilala akiwa na filimbi mdomoni, akawa kila akikoroma inalia, na mechi ikaisha kwa faulo tupu. Hapo ndipo wakubwa walipoona jambo limekuwa zito. Kulala kazini tunavumiliana, lakini mpira!

Bunge likaitishwa likapitisha Sheria ya Afueni Bila Kasumba. Kura zilipigwa kwa kutikisa kichwa. Waheshimiwa wengi walikuwa wanasinzia, ila kila kichwa kilichoanguka mbele kilihesabiwa ndiyo, kwa hiyo ilipita bila kupingwa. Kuanzia siku ile bima ingelipia kukandwa, mazoezi ya viungo, na kila tiba ya maumivu isiyomlaza mtu. Tulipika pilau nchi nzima.

Mkurugenzi Mkuu wa SHIBA, Dakta Injinia Ludoviko Ngwembe, alihutubia uwanjani. Huyu ni mtu mzima mwenye tumbo la heshima na sauti ya kipaza sauti hata kipaza sauti kikiwa kimezimwa.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Sisi SHIBA ni nani tujifanye tunajua maumivu ya mtu? Kuanzia leo kauli ya mgonjwa ndiyo sheria! Hatutaki picha ya eksirei, hatutaki daktari atueleze. Tutamuuliza mgonjwa mwenyewe hali yake, na jibu lake la kwanza, narudia, la kwanza, ndilo la mwisho!"

Tulipiga makofi. Mimi nauza karanga na kahawa, na nilipiga makofi mpaka karanga zikamwagika.

Sasa niwaambie kuhusu shemeji yangu Salama. Si shemeji wa damu, ni mke wa rafiki yangu Kibwana, fundi baiskeli, lakini huku kwetu inatosha. Salama ndiye mlinzi wa geti la reli pale Mabatini, ambapo barabara kuu inakatana na njia ya treni. Treni ikija anazungusha usukani wa chuma, boriti inashuka, magari yanasimama. Treni ikipita anazungusha tena, boriti inapanda. Ameufanya mzunguko huo tangu akiwa mwari, na ule usukani haujawahi kuona grisi kwa sababu grisi ya reli, kama mnavyojua, ina miguu.

Mwisho mgongo ukakataa. Ulianza kwa kumchoma kiunoni, ukateremka mpaka kwenye unyayo. Daktari akamwambia, mama, dawa yako ni kukandwa na kunyooshwa na mtaalamu wa viungo kila wiki, na akamtaja Bi Hidaya wa hospitali ya wilaya, mwanamke mwenye mikono ya mpika chapati. Lakini kwa kuwa sheria mpya ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi, akapewa Lalasalama kwanza.

Alimeza kimoja asubuhi. Treni ya asubuhi ikaja, akashusha boriti, akaketi kwenye kiti chake kidogo, akalala usingizi wa pono. Magari yakapanga foleni mpaka mjini. Bwana harusi alikuwa upande huu na bibi harusi upande ule, wakapungiana mikono tu. Gari la jeneza nalo lilikuwepo, na maiti ndiye peke yake asiyelalamika. Mimi siku ile niliuza karanga zote na za kesho, Mungu anisamehe. Jioni Salama alipoamka, SHIBA ilimtumia pongezi kwamba dawa imefanya kazi vizuri, maana kutwa nzima hakulalamika hata mara moja.

Mkuu wa stesheni hakupongeza. Alikuja na bendera yake kwapani, akamwambia, "Ukilala tena, Bi Salama, geti si lako, na nyumba ya reli utanirudishia."

Usiku ule Salama alituambia mimi na Kibwana, "Hata nyumba siijali sana. Safari hii nililala boriti ikiwa chini, watu wakachelewa tu. Je, nikilala ikiwa juu?" Watoto wa shule ya Mabatini wanavuka pale asubuhi na mchana, wakisukumana na kuimba, hakuna anayetazama kulia wala kushoto. Salama akasema hamezi tena kidonge kile, hata mgongo ukatike vipande.

Kwa bahati nzuri sheria ilianza. Salama akajifunga kanga zake mpya akaenda SHIBA.

Alipokewa na Afisa Maumivu daraja la pili, kijana mwenye tai aitwaye Teofili Mashaka. Mezani kwake palikuwa na kengele ya shaba na si kitu kingine.

"Karibu mama. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, mwanangu. Za kwako?"

Ngriiing!

"Hongera sana mama, umepona. Anayefuata!"

Salama akashangaa. "Nimepona nini, baba? Hata hujaniuliza ninaumwa wapi."

"Nimekuuliza habari, umesema nzuri. Mimi ni nani nikupinge? Kitanda usichokilalia, mama."

"Lakini ile ilikuwa salamu!"

"Mama," alisema Mashaka kwa upole kabisa, "serikali haisalimii. Serikali inahoji."

Alirudi nyumbani anachechemea. Kibwana akamshauri kwamba safari ijayo akiulizwa habari asijibu kitu, akae kimya. Salama alikwenda, akaulizwa, akanyamaza. Aliniambia baadaye kuwa tangu azaliwe hajawahi kuona aibu kama ile, kuacha salamu ya mtu ining'inie hewani, na machozi yalimlengalenga. Mashaka naye alibabaika. Ukimya hakufundishwa.

"Basi tuanze na jina," alisema. "Jina lako nani, mama?"

"Salama."

Ngriiing!

Sasa hapo nani wa kulaumiwa? Marehemu baba yake ndiye aliyempa jina, na hakushauriana na bima.

Ikabidi tufanye mazoezi. Kibwana alikaa nyuma ya meza ya baiskeli zake, amevaa tai ya kuazima, mbele yake kifuniko cha sufuria na kijiko ndiyo kengele. Mimi nilikuwa foleni.

"Habari za asubuhi, mama?"

"M... mba... Mbona hujala mpaka saa hizi, mume wangu?"

"Salama! Sema mbaya!"

"Mdomo hautaki, Kibwana. Mama yangu alinilea kwa adabu. Mtu hajaketi, hajanywa hata maji, umtupie neno baya usoni! Kanikosea nini?"

Tulikesha. Kulipokucha aliweza kusema mbaya akiwa ameugeukia ukuta, amefumba macho. Tukasema inatosha, akaenda hivyo hivyo, njia nzima ananong'ona mbaya, mbaya, mbaya, mpaka mbwa wakampisha.

Kumbe siku hiyo Mashaka alikuwa amekaripiwa na mkubwa wake kwa kukosa heshima kwa wazee. Alipomwona Salama tu, akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Ngriiing!

"Ah! Hapana!" Salama alipiga kelele. "Marahaba nayo ina kosa gani?"

"Isikilize mwenyewe, mama. Ma-raha-ba. Raha iko katikati kabisa, imezungukwa pande zote. Hongera. Anayefuata!"

Basi hivyo ndivyo maumivu yalivyotokomezwa katika Jamhuri ya Afadhali. Dakta Injinia Ngwembe alitangaza redioni kuwa katika wagonjwa wote waliohojiwa, wenye maumivu ni wageni wachache waliojibu kwa lugha zao. Nchi jirani zikaleta wajumbe kuja kujifunza. Ikaamuliwa ujengwe Mnara wa Afueni, wenye herufi kubwa za shaba zisomekazo NZURI, na Rais mwenyewe aje aufungue. Mnara ukajengwa ng'ambo ya reli, Mabatini. Yaani kuufikia lazima upite getini kwa Salama.

Siku ikafika. Tulipangwa barabarani tangu alfajiri, tukapewa vibendera. Bi Hidaya na wenzake wa hospitali walipangwa nao, makoti meupe, wapendezeshe. Treni ya saruji ikapiga honi, Salama akashusha boriti, treni ikapita na vumbi lake. Kwa mbali tukaona pikipiki za msafara. Salama akashika usukani azungushe. Akazungusha mara moja. Akasimama. Hakusimama wima, alisimama katikati, ameinama, mikono imeganda kwenye chuma.

"Shemeji," aliniita kwa sauti ndogo, "mgongo umefunga."

Msafara ukafika ukasimama, magari meusi yamefuatana puani na mkiani. Polisi mmoja akaruka. "Fungua geti!"

"Siwezi, baba."

Polisi akaunyooshea mkono usukani, na papo hapo mkuu wa stesheni akatokea mbio, bendera juu. "Usiguse! Usukani huo unashikwa na mlinzi aliyeapishwa peke yake! Akigusa mwingine, kwa kanuni, treni zote za nchi zinasimama mpaka uchunguzi ukamilike!" Polisi akaurudisha mkono mfukoni. Uchunguzi wa Afadhali tunaujua.

Kioo cha gari kubwa kikashuka kidogo. "Kuna nini hapo mbele?" sauti ya Rais iliuliza.

"Hakuna neno, Mheshimiwa!" tuliitikia sote kwa pamoja.

"Vizuri." Kioo kikapanda.

Dakta Injinia Ngwembe akashuka kwenye gari la nne, anatoka jasho, akaja na kidonge kiganjani. "Meza hiki, mama, dakika mbili tu utapata afueni."

"Nikimeza nitalala," alisema Salama, bado ameinama. "Nikilala, Rais naye alale hapa?"

Mkurugenzi akakitazama kidonge, akakirudisha. Bi Hidaya alikuwa ameshatoka kwenye mstari wa vibendera, anakunja mikono ya koti. "Mimi namfungua huyu sasa hivi," alisema. "Lakini ulitutangazia, Mkurugenzi, atakayemkanda mtu ambaye bima haijamkubali atafute kazi nyingine. Haya, mkubali."

"Lazima ahojiwe kwanza," alisema Ngwembe. "Sheria ni sheria. Mashaka! Kengele!"

Mashaka akaja na kengele. Watu wakasogea. Kila mtu pale alimjua Salama, kila mtu alikuwa na kengele yake aliyopigiwa. "Sema mbaya," walinong'ona, "sema mbaya, mama." Kibwana alikuwa ng'ambo ya reli, anachezesha midomo, mbaya, mbaya. Mimi nilisema kwa sauti kabisa, "Shemeji, nakuomba, leo tu."

Mkurugenzi akakohoa. "Mama. Habari yako?"

Hata injini za pikipiki zilizimwa. Salama akainua macho kwa shida, akamwona mbele yake mtu mzima, umri wa mjomba wake, jasho linamchuruzika, ameshuka garini kwake akasimama juani kumuuliza habari. Midomo ikafumba kutafuta ile M. Nikaiona M, wallahi niliiona.

"Nzuri, baba," alisema. "Karibu."

Ngriiing!

"Hongera, mama! Anayefuata!" Mashaka alipaza sauti kwa mazoea.

Hakufuata mtu. Watu waliguna, Kibwana akashika kichwa. Mkurugenzi akageuka aende zake, na nyuma kulikuwa na magari ya msafara yamebanana. Akageuka mbele, mbele kuna boriti. Tangu SHIBA iumbwe hajawahi kutokea mtu wake aliyesikia nzuri akakosa pa kwenda. Ikabidi asimame pale pale, anajipangusa shingo, anamtazama Salama, Salama anamtazama yeye. Salama akavuta pumzi.

"Ila mgongo, baba."

"Enhe?" alisema Mkurugenzi, maana ukikosa pa kwenda utasema nini.

"Ila mgongo. Unaniuma mpaka kwenye unyayo, usiku najigeuza kwa kushika kitanda. Hilo navumilia. Ila naogopa. Vidonge vyenu vinanilaza, na watoto wa shule wanapita hapa. Siku nikilala boriti ikiwa juu, atakayekufa si mimi. Nitaamka jioni, niambiwe." Hapo sauti ikakatika, akalia, akiwa ameinama vile vile, hawezi hata kujifuta machozi.

Hakucheka mtu. Mkurugenzi aliuliza polepole, "Sasa mama, mbona siku zote hukusema?"

"Hukungoja, baba."

Kioo cha gari kubwa kikashuka tena. "Bado hakuna neno?"

Tukafungua vinywa kwa mazoea, na Kibwana akatuwahi kutoka ng'ambo ya reli. "Lipo neno, Mheshimiwa!"

Rais akashuka. Alishuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, na sisi kwa adabu wote tuliuona na hatukuuona. Akauliza, akaelezwa, akamtazama Ngwembe kwa muda mrefu kuliko hotuba yake ya kawaida. Ngwembe akamnyang'anya Mashaka kengele, akaipiga mwenyewe, akasema, "Amekubaliwa!" Bi Hidaya akaweka mikono yake ya chapati kwenye kiuno cha Salama, akabonyeza hapa, akavuta pale, akamzungusha bega. Mfupa ulilia ko! Mlinzi mmoja wa Rais akatoa bastola. Salama akanyooka. Akakusanya kanga yake, akafuta uso, akazungusha usukani, na boriti ikapanda.

Mnara ulifunguliwa kwa kuchelewa. Wiki iliyofuata wakaja mafundi wakaongeza herufi, sasa unasomeka NZURI, ILA, na chini yake wameacha nafasi tupu. Ikatoka Kanuni ya Ila, kwamba Afisa Maumivu asiguse kengele mpaka ila ipite. Afadhali ni Afadhali, kwa hiyo iliundwa pia Kurugenzi ya Ila, yenye mkurugenzi, naibu wake na gari, na Mashaka amepandishwa cheo kuwa Msikilizaji daraja la kwanza. Bado mkono unamwasha kila akisikia nzuri. Anaukalia.

Salama anakandwa kila wiki na SHIBA inalipa. Halali tena kazini. Usukani nao umepata grisi, na hiyo grisi analala nayo chini ya mto.

Majuzi gari la Dakta Injinia Ngwembe lilisimama getini, treni imeshapita. Salama alikuwa ameshika usukani. "Habari za kazi, baba?"

"Nzuri, mama. Nzuri sana."

Salama hakuzungusha. Alisimama tu, mkono kwenye chuma, anamtazama kwa upole, kama mtu mwenye siku nzima. Dereva akamtazama bosi wake kwenye kioo. Mimi nikaacha kumenya karanga.

"Ila shingo," Mkurugenzi alisema hatimaye, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Silali, mama. Na vile vidonge, siku hizi nameza vitatu."

"Pole, baba," alisema Salama. "Bi Hidaya yupo Jumanne." Akainua boriti.

Nanyi mkiniuliza habari za Afadhali siku hizi, nitawajibu nzuri. Mwenye haraka aende zake. Mwenye nafasi avute kigoda, kahawa bado ya moto.